Siku Mashine Ilipomkataa Padre Wetu



Tunaandika haya kwa pamoja, sisi mafrateri wanne tuliopangiwa kumsaidia Padre mmoja mzee anayeishi nasi hapa seminarini. Tulimwomba ruhusa ya kusimulia yaliyotokea, naye akatukubalia kwa masharti mawili: tusitaje jina lake wala la benki yake, na tusijitetee. Sharti la kwanza ni jepesi. La pili limetusumbua kidogo, na msomaji ataona sababu.

Padre huyu ndiye aliyetufundisha Kilatini mwaka wetu wa kwanza. Miaka miwili iliyopita alipata kiharusi. Mungu alimwachia akili yake yote na utani wake wote, lakini mkono wa kulia ukawa mzito, na mguu wa kulia ukawa wa kuburuza. Baba Gombera alitupangia zamu: wa kumfulia, wa kumkumbusha dawa, wa kumsindikiza kanisani, na wa kumwandikia barua pepe. Mambo ya benki hayakuwamo kwenye zamu ile. Yaliingia yenyewe, kama maji yanavyoingia chini ya mlango.

Ilianza siku moja alipotaka kulipia dawa. Vidole vilikataa kuandika, akamtajia mmoja wetu neno la siri, kazi ikaisha kwa dakika mbili. Mwezi uliofuata akamtajia mwingine. Baada ya nusu mwaka wote wanne tulikuwa tunalijua. Mwanzoni alikaa kando yetu akitaja kila kiasi. Baadaye alituandikisha kwenye karatasi, nasi tukaenda wenyewe baada ya chakula cha jioni, kwenye kompyuta ileile ya maktaba iliyo karibu na dirisha. Hapa tulikuwa tumeandika sentensi moja kuhusu uaminifu wetu na fedha za Padre. Alipoisoma alituambia tuifute. Tumeifuta.

Mwezi Januari tulirudi kutoka likizo tukamkuta na furaha ya mtoto. Mpwa wake alikuwa amemletea kompyuta mpakato, na wakati wote wa likizo alikuwa amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kidole kimoja kimoja. Alitaka kutuonyesha. Kuna binti wa parokia yake ya mwisho, yatima, anayesoma chuo cha uuguzi, na Padre ndiye anayemlipia ada kutokana na akiba yake ndogo. Chuo kilikuwa kimetoa tangazo: asiyekamilisha ada hadi Jumatatu jioni haruhusiwi kufanya mtihani. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Padre alisema safari hii ada ataituma mwenyewe.

Aliandika jina lake. Akaandika neno la siri, polepole, herufi kwa herufi, nasi tumesimama nyuma yake kama wazazi wanaomtazama mtoto akianza kutembea. Neno lilikuwa sahihi kabisa. Skrini ikajibu kwamba haikuweza kuthibitisha kuwa ni yeye, na kwamba imetuma namba ya uthibitisho kwenye simu yake. Simu yenye laini ile ilipotea hospitalini wakati ule wa kiharusi, na hakuna aliyewahi kukumbuka kuibadilisha benki. Alijaribu tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Mmoja wetu akasema, "Baba Padre, ngoja tujaribu kule maktaba." Tukaenda wote, yeye na mkongojo wake. Mwenzetu akakaa kwenye kiti kilekile cha karibu na dirisha, akaandika jina la Padre na neno la siri la Padre kwa vidole kumi vya haraka. Akaunti ikafunguka papo hapo, na juu yake pameandikwa karibu, pamoja na jina la Padre.

Tulikaa kimya. Padre akaitazama skrini, akatutazama sisi, halafu akacheka kicheko kifupi.

"Kumbe siku hizi mimi ni ninyi," akasema.

Fedha zilikuwa pale, jina la chuo lilikuwa pale. Ilibaki kubofya mara mbili. Tulimwambia, "Baba, tutume tu, mtoto asikose mtihani." Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba tulidhani amekubali. Kisha akasema, "Fungeni. Jumatatu asubuhi nitakwenda benki mwenyewe. Nikiendelea hivi, siku moja nitashindwa kabisa kuonyesha kwamba mimi ni mimi."

Tukafunga. Tunakiri kwamba usiku ule hatukukubaliana naye. Tulimfikiria yule binti, tukaona Padre anaweka heshima yake mbele ya mtihani wa mtoto wa watu.

Jumapili baada ya Misa ya pili tulimfuata mwanaparokia mmoja ambaye kazi yake ni usalama wa mifumo ya kompyuta. Yeye hafanyi kazi katika benki ile, hivyo alituonya mapema kwamba hawezi kujua kwa hakika mfumo ule uliona nini. Lakini alitueleza namna mifumo ya aina hiyo inavyofanya kazi, na maelezo yake tunayaleta hapa kwa sababu tunaamini wengi wetu hatujui jambo hili, ingawa tunapimwa nalo kila siku.

Zamani, alisema, kompyuta ilikuwa na swali moja tu: unajua neno la siri? Anayelijua aingie. Tatizo ni kwamba mwizi naye akilijua anaingia. Watu hutumia neno moja kwenye akaunti kumi, wengine huliandika nyuma ya daftari, wengine huwatajia mafrateri. Hata alama za vidole hazimalizi tatizo. Sote tunakumbuka tulivyopanga foleni kusajili laini zetu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, kabla ya ukomo uliosogezwa hadi Januari 20, 2020. Laini zikasajiliwa, lakini ujumbe wa kututaka ile hela tuitume kwenye namba hii haujakoma. Kidole kilithibitisha nani alisajili laini siku ile. Hakisemi nani ameshika simu usiku huu.

Kwa hiyo mafundi waliongeza maswali mawili ambayo mfumo haukuulizi kwa sauti. La kwanza: umekuja na chombo gani? Kila kompyuta na kila simu ina alama zake: aina ya kivinjari, ukubwa wa skrini, majira ya saa, orodha ya maandishi iliyonayo ndani, na mengine mengi. Moja moja hayasemi kitu, lakini yakikusanywa yanakuwa kama sura ya mtu. Mwaka 2010 mtafiti Peter Eckersley wa shirika la Electronic Frontier Foundation la Marekani alipima vivinjari zaidi ya 470,000, akakuta asilimia 83.6 kila kimoja kina mkusanyiko wa alama usiofanana na mwingine wowote katika kundi lile. Mfumo huangalia pia unatokea wapi na saa ngapi. Kompyuta ya maktaba, baada ya chakula cha jioni, mwezi hadi mwezi: kwa mfumo, hiyo ndiyo ilikuwa sura ya Padre.

Swali la pili: una mwenendo gani? Hapa alitushangaza. Unapoandika, mfumo unaweza kupima kidole chako kinakaa muda gani juu ya kitufe, na unatumia muda gani kutoka kitufe kimoja hadi kingine. Vipimo hivi ni sehemu za elfu za sekunde, hakuna jicho linaloviona, lakini kila mtu ana mwendo wake. Kwenye simu hupimwa namna unavyoishika, unavyoiinamisha, na unavyoburuza kidole juu ya kioo.

Jambo lenyewe si geni. Enzi za telegrafu, waendeshaji wake walitambuana kwa namna kila mmoja alivyogonga mapigo mafupi na marefu. Walisema kila mmoja ana mkono wake. Katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliosikiliza redio za Wajerumani waliweza kumfuatilia mwendeshaji fulani kwa mkono wake, hata alipobadilisha jina la kituo. Mwaka 1980 taasisi ya RAND ya Marekani ilitoa ripoti ya jaribio la wapiga chapa saba waliopewa aya moja kuichapa, wakairudia baada ya miezi minne, ili ionekane kama mwendo wa vidole unaweza kumtambulisha mtu. Matokeo yaliwatia moyo watafiti. Na mwaka 2013 Coursera, wanaotoa kozi za vyuo kwa njia ya intaneti, walianza kutumia mwendo wa kuandika pamoja na picha ili kuthibitisha kwamba anayefanya zoezi ndiye mwanafunzi mwenyewe.

"Lakini," alisema yule mwanaparokia, "mashine haijui. Mashine inakisia." Akachora mstari mchangani kwa kijiti. Mfumo hujumlisha yote, chombo, mahali, saa na mwendo, na kutoa alama moja ya wasiwasi. Alama ikiwa chini ya mstari, pita. Ikiwa juu, thibitisha kwa njia nyingine. Ukiusogeza mstari upande mmoja, wezi wachache watapita, lakini wenye mali wengi watafungiwa nje. Ukiusogeza upande wa pili, wenye mali watapita kwa raha, na wezi pamoja nao. Hakuna mahali pa kuuweka mstari ambapo makosa yanaisha. Padre alikuja na kompyuta mpya, mkono mpya, saa nyingine na mwendo mwingine. Kwa vipimo vya mashine, hakuna kitu chake kilichokuja isipokuwa neno la siri, na neno la siri ndicho kitu ambacho hata mwizi huwa nacho.

Tulimuuliza, basi mashine ilikosea? Akatikisa kichwa. "Mashine ilifanya kazi yake sawasawa. Ninyi ndio mliifundisha vibaya."

Jioni ile tulimweleza Padre yote. Alisikiliza, kisha akatukumbusha Isaka na wanawe katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Mzee macho yamefifia, anataka kumbariki mwanawe wa kwanza. Alikuwa na vipimo kadhaa mkononi: sauti, ngozi ya mikono, harufu ya mavazi. Sauti ilimwambia ni Yakobo. Mikono iliyofunikwa ngozi za wanambuzi na mavazi ya kaka yake vilimwambia ni Esau. Vipimo vilipogongana, akaviamini vilivyo vingi.

"Sikumlaumu Isaka hata siku moja," Padre akasema. "Benki nayo siilaumu. Ninyi mlivaa nguo zangu, na mimi ndiye niliyewavisha."

Tulikuwa tumezoea kuhubiriana juu ya Yakobo mjanja. Hatukuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuwa Yakobo kwa nia njema kabisa, kila mwisho wa mwezi, kwa miaka miwili, huku akijiona mtumishi.

Jumatatu alfajiri tulipanda naye basi kwenda mjini. Aliingia benki kwa mguu wake wa kuburuza, akatoa kitambulisho, akaweka kidole kwenye kifaa, akajibu maswali. Alipoulizwa kwa nini aliingia kutoka kwenye kifaa kisichojulikana, akasema ukweli wote: kwamba kinachojulikana ndicho kisichokuwa chake. Afisa yule, dada mmoja mpole, hakutupigia kelele. Alitutazama sisi tuliokaa kwenye benchi, akasema, "Mafrateri, fedha za Padre zingepotea hata kwa mkono wa mtu mwingine, mngejieleza vipi? Na yeye angejieleza vipi kwamba si yeye?" Hatukuwa na jibu. Alimweleza Padre kwamba mwenye ugonjwa au ulemavu anaweza kumteua mtu rasmi, kwa maandishi, amsaidie kwa jina lake huyo msaidizi na kwa mipaka inayojulikana. Hatukuwahi kuuliza. Ilikuwa rahisi zaidi kuwa yeye.

Ada ililipwa palepale dirishani kabla ya saa sita mchana. Binti alifanya mtihani.

Tumejiuliza tangu siku ile kwa nini jambo hili limetugusa sana. Sehemu ni aibu, hatufichi. Sehemu nyingine ni kwamba tumeona ukomo wa kitu ambacho dunia inazidi kukitegemea. Mashine humtambua mtu kwa mazoea yake na vyombo vyake. Jana ulikuwa hivi, basi leo uwe hivi. Ukiwa tofauti, una mashaka. Kwa ulinzi wa fedha hilo ni jambo jema, na tunamshukuru anayelinda akiba ya mzee. Lakini wanaobadilika ghafla ni akina nani? Ni mgonjwa aliyetoka hospitalini. Ni mzee ambaye mikono imeanza kutetemeka. Ni mama aliyeibiwa simu, ni mkimbizi aliyefika nchi nyingine bila kitu. Yaani aliye dhaifu ndiye anayefanana zaidi na mwizi. Anayetengeneza mfumo asipomfikiria huyu tangu mwanzo, na kumwachia mlango wenye binadamu nyuma yake, ulinzi wake utawaumiza wale waliostahili kulindwa kwanza.

Kuna jambo la pili. Mwendo wa vidole husema mengi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2016 watafiti wa MIT na wenzao walionyesha kwamba mwendo wa kuandika kwenye kibodi unaweza kubeba dalili za mwanzo za ugonjwa wa Parkinson. Kwa daktari hiyo ni habari njema. Lakini basi anayepima vidole vyako ili akufungulie akaunti ameshika pia kitu cha siri ya mwili wako. Ndiyo maana ni vizuri tujue kwamba nchini mwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Wakenya wanayo yao tangu mwaka 2019. Mtu ana haki ya kujua ni taarifa gani zake zinakusanywa na kwa kazi gani. Kuuliza si ukorofi.

Nasi tuseme tuliyobadilisha, maana majuto yasiyo na tendo hayatoshi. Kila mmoja wetu sasa anaingia kwenye akaunti yake tu, hata kwa barua pepe za darasa, ambazo tulizoea kuzifungua kwa jina la kiongozi. Tumewatembelea wazee wa Jumuiya mbili ndogo ndogo za jirani, kuwasaidia kuhakiki kwamba namba ya simu iliyoko benki ndiyo waliyonayo mfukoni. Tumewaambia vijana wao tulichoambiwa sisi: ukitaka kumsaidia babu, keti kando yake, mshikie taa, msomee maandishi madogo, lakini vidole viwe vyake. Akishindwa kabisa, nendeni naye benki mkaandikishe msaidizi. Itachukua asubuhi nzima. Sisi ilituchukua asubuhi moja, baada ya miaka miwili ya kuikwepa.

Padre anaendelea na mkono wake wa kushoto. Wiki za kwanza mfumo ulimuuliza uthibitisho kila alipoingia, naye alisoma namba kwenye simu yake mpya, akaiandika, bila kulalamika. Siku hizi mara nyingi unampokea bila kuuliza. Amekuwa akituambia kwa majivuno kidogo kwamba mashine imeanza kumzoea.

Sisi tulimzoea mapema zaidi. Aliporudi kutoka hospitalini, hatua zake koridoni zilikuwa ngeni: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburuza, kisha mkongojo. Siku ya kwanza hakuna aliyejua ni nani anakuja. Mama mpishi alijua siku ya pili, maana alikuwa amemsubiri. Hata wale wanafunzi wawili wa Emau walimtambua Bwana mezani, alipoumega mkate, na mwendo huo alikuwa nao toka zamani. Padre wetu alirudi na mwendo ambao hakuwahi kuwa nao, na bado Mama mpishi alimpakulia uji kabla hajafika mlangoni.

Jana usiku tulizisikia hatua hizo zikielekea chumba cha kompyuta. Hakuna aliyeinuka kwenda kumsaidia. Tuliacha mlango wazi tu, ili akituhitaji atuite.